Presha ya macho (glakoma): huyu siyo mtoto wa jicho, usisubiri akomae

Leo naomba tuweke mpira na muziki pembeni kidogo, tuongelee macho. Najua wengi mtasema hayo ni mambo ya wazee. Subirini, mtaona hata nyie mmo ndani.

Nianze na mjomba wangu. Ni mvuvi wa Mikindani, mtu wa nyavu na mtumbwi tangu ujana wake. Miaka kama mitatu kabla hajafika hospitali alianza vituko vidogo vidogo ambavyo tulikuwa tunavicheka. Anagonga bega kwenye mlango, kila siku upande uleule wa kushoto. Anakanyaga kuku. Ukimpa mkono wa salamu ukiwa umesimama ubavuni kwake hauoni, unadhani amekununia. Ufukweni akawa anakanyaga nyavu za wenzake zilizoanikwa, ugomvi kila wiki. Sisi tukasema mjomba anazeeka.

Baadaye akaanza kulalamika kwamba jicho la kushoto lina ukungu. Mtaani jibu lilikuwa tayari: mtoto wa jicho. Na habari ya mtoto wa jicho hapa kwetu kila mtu ni daktari: subiri akomae, halafu utapasuliwa siku wakija wataalamu wa macho. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomwambia hivyo. Tena nilimwambia kwa kujiamini, maana jirani yetu alisubiri, akapasuliwa, kesho yake bandeji ikafunguliwa akawa anahesabu vidole na kucheka.

Basi mjomba akasubiri. Msimu wa korosho ukapita, ukaja mwingine. Siku alipofika mbele ya daktari wa macho, yule kijana alimwamkia shikamoo, akamchungulia muda mrefu na kifaa chake chenye taa, kwanza huku, halafu huku, halafu akarudia. Kisha akasema taratibu: "Mzee, huyu siyo mtoto wa jicho. Hii ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda, halirudi kwa dawa wala kwa kisu. La kulia limebaki katikati tu. Tupiganie hilo."

Nilitoka pale nje nikakaa kwenye benchi, sikuwa na la kusema. Toka siku ile nimekuwa nasoma na kuuliza kila ninayekutana naye anayejua macho, na haya ndiyo niliyoyapata.

GLAKOMA NI NINI HASA?

Sehemu ya mbele ya jicho, ndani, kuna maji safi yanayotengenezwa usiku na mchana. Haya siyo machozi, machozi yako nje. Maji haya ya ndani yanalisha zile sehemu za jicho zisizo na mishipa ya damu, kama lenzi na kile kioo cha mbele, halafu yanatoka kupitia kichujio chembamba kilichopo kwenye kona, pale kioo kinapokutana na ile duara yenye rangi. Kinachoingia kinatakiwa kilingane na kinachotoka. Sasa fikiria karo lenye bomba lisilofungwa: mfereji wa kutolea ukianza kuziba, maji yanapanda. Jicho haliwezi kufurika, kwa hiyo kinachopanda ni presha.

Presha hiyo inaumiza neva inayotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Neva hiyo ni kama waya mkubwa wenye nyuzi nyembamba zaidi ya milioni moja, na kila uzi unabeba kipande cha picha. Nyuzi zinakufa kidogo kidogo, kwa kawaida kwa miaka, na uzi uliokufa hauoti tena. Hapo ndipo ubaya wote wa ugonjwa huu ulipo.

Mbona mtu hagundui? Kwa sababu zinazotangulia kuondoka ni zile nyuzi za kuonea pembeni. Pale katikati, unaposomea gazeti na kutungia uzi kwenye sindano, panabaki pazuri hadi mwisho. Halafu hakuna maumivu, na jicho linaonekana zima kabisa. Na msidhani mgonjwa anaona giza au doa jeusi pembeni, la. Ubongo ni mjanja, unajaza pengo kwa kukisia, na jicho moja linamfichia mwenzake. Mjomba hakuona sehemu nyeusi hata siku moja. Yeye alichoona ni kwamba milango imekuwa myembamba na watu wamekuwa wakorofi.

Hapa naomba niseme kitu kinachochanganya sana watu. Presha ya macho siyo presha ya damu. Ile mashine ya kufunga mkono haiwezi kukwambia lolote kuhusu presha ya jicho lako. Unaweza kuwa na presha ya damu nzuri kabisa na macho yanakwisha, na unaweza kunywa vidonge vya presha kila siku ukadhani vinatibu na macho pia. Nimekutana na mama mmoja aliyekuwa anafanya hivyo hivyo. Kila moja ina kipimo chake na dawa yake.

Presha ya jicho ya kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Lakini wapo watu wenye 18 ambao neva inakufa, na wapo wenye 25 ambao wanazeeka na macho yao bila tatizo. Kwa hiyo mtu akikupima presha peke yake akakwambia uko poa, bado hujamaliza, mwambie aangalie na neva.

Ipo pia aina nyingine inayokuja ghafla, ile kona inapofunga kabisa. Hii haijifichi: jicho jekundu, maumivu makali ya jicho na nusu ya kichwa, kuona ukungu, taa zinakuwa na duara za rangi kama upinde wa mvua, na kutapika. Kwa ajili ya kutapika na kichwa, huku kwetu mtu anaanza kumeza dawa za malaria. Jamani, kichwa na kutapika pamoja na jicho jekundu lisiloona vizuri ni hospitali siku hiyohiyo. Hapo tunahesabu saa.

TUKO WANGAPI?

Ugonjwa huu ndio unaoongoza duniani kati ya yale yanayoleta upofu usiorudishika. Mtoto wa jicho anapofusha wengi zaidi lakini yeye anapasulika na mtu anaona tena. Makadirio ya kwa mwaka 2020 yalikuwa watu milioni 76 wenye glakoma duniani, na sisi Waafrika tuko juu kwenye ile aina ya polepole.

Hapa Tanzania kuna utafiti mzuri uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, ukachapishwa mwaka 2000. Watafiti waliwapima watu 3,268 wa vijijini, wote wa miaka 40 na kuendelea. Waliokutwa na glakoma ya aina yoyote walikuwa asilimia 4.16. Yaani chukua watu 24 wa umri huo, mmoja anayo. Kongwa siyo Mikindani, wale ni watu wa bara na sisi ni wa pwani, lakini jaribu kupiga hesabu hiyo kwenye msiba mmoja tu wa hapa kijijini, kwenye mkeka wa wazee. Ni wawili, watatu wamekaa pale, na inawezekana hawajijui.

DAMU YAKO NDIYO KADI YAKO

Sasa vijana, hapa ndipo mnapoingia. Kitu kikubwa baada ya umri ni ukoo. Uholanzi, katika mji wa Rotterdam, watafiti waliwafuatilia ndugu wa wagonjwa na ndugu wa watu wasio wagonjwa, wakatoa majibu mwaka 1998. Walikadiria kwamba ndugu wa damu wa mgonjwa, yaani kaka, dada au mtoto wake, ana nafasi ya asilimia 22 ya kuupata katika maisha yake. Kwa ndugu wa wasio wagonjwa ilikuwa asilimia 2.3 tu. Tofauti ya karibu mara kumi! Ndiyo maana daktari wa mjomba, kabla hata hajamaliza kuandika dawa, aliuliza: "Mzee una watoto wangapi? Na ndugu zako wa tumbo moja je?" Sisi tukashangaa, mgonjwa ni mmoja, ya nini kuulizia ukoo mzima.

Kwa hiyo kama kwenu kuna babu, bibi, mama mkubwa au baba mdogo aliyepofuka taratibu bila jicho kuuma, na mnasema tu "alipofuka uzeeni", anza kuuliza maswali. Alipasuliwa? Alikuwa na weupe kwenye mboni? Daktari alisema nini? Ipo pia glakoma ya vijana, inayoanza kwenye miaka ya shule hadi thelathini na kitu, na hiyo nayo inatembea kwenye koo.

Halafu kuna ile tunayojitengenezea wenyewe. Wengi wenu mna macho ya kuwasha, ya mzio. Vumbi, moshi, jua, macho yanakuwa mekundu unayasugua mpaka basi. Unakwenda duka la dawa, unapewa kichupa cha matone, siku mbili macho meupe kama theluji. Unafurahi. Kikiisha unanunua kingine, na kingine, mwaka unakatika. Ndugu yangu, soma maandishi kwenye hicho kichupa. Ukiona deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, hiyo ni steroidi. Ni dawa nzuri ikiwa mikononi mwa daktari anayekupima, lakini kwa baadhi ya watu inapandisha presha ya jicho ndani ya wiki chache tu, bila maumivu, huku jicho kwa nje likizidi kupendeza. Watoto ndio hupanda haraka zaidi. Na mara nyingi steroidi imechanganywa na dawa ya kuua wadudu kwenye kichupa kimoja, kwa hiyo jina la mbele halikwambii kitu, soma lile la pili. Mpaka leo naona watu wanaazimana vichupa hivi kama wanavyoazimana chaja. Kama umeandikiwa na daktari usiache ghafla kwa sababu umesoma hapa, rudi kwake umwambie akupime presha.

Dada zangu, na zile krimu za kung'arisha uso nyingi zina steroidi kali. Kwa wanaopaka karibu na macho miaka na miaka, madaktari wameandika habari za wagonjwa walioishia na glakoma. Sisemi zaidi, ngozi ni yako.

Kuna na kuumia. Jiwe, ngumi, mpira wa usoni, kipande cha kuni. Jicho likijaa damu ndani kisha likapona, ile kona ya mfereji inaweza kuwa imechanika, na presha ikapanda miaka mingi baadaye wakati umeshasahau ugomvi wenyewe. Wenye macho ya kutoona mbali sana, wa miwani minene, nao wako kwenye hatari zaidi.

Na watoto wachanga. Hili naomba kila mwenye mdogo wake nyumbani alisikie. Mtoto akizaliwa na presha ya jicho, jicho lake laini linavutika na kuwa kubwa. Watu wanakuja kumwona mtoto, wanasifia, jamani kana macho makubwa mazuri! Kama macho hayo makubwa yanatoa machozi kila wakati, yanaogopa mwanga, au kile kioo cha mbele kina rangi ya maziwa au bluu ya ukungu, huo siyo uzuri. Huyo anahitaji upasuaji, tena mapema.

KUPIMWA KUKOJE?

Hakuumi, msiogope. Kwanza unasoma herufi ukutani, lakini hiyo peke yake haitoshi maana mgonjwa wa glakoma anaweza kusoma mpaka mstari wa mwisho. Kisha wanapima presha kwa kifaa kinachoitwa tonometa, wengine wanakutia tone la ganzi wanagusa jicho kidogo tu. Kisha muhimu kuliko vyote, daktari anachungulia kichwa cha neva ndani ya jicho. Ukikiangalia kinafanana na kisahani chenye kikombe katikati. Nyuzi zikifa, kikombe kinatanuka kinakula kisahani. Kwenye kadi ataandika namba kama 0.3 au 0.9, hiyo ndiyo kiasi ambacho kikombe kimekula. Ya 0.3 ni ya kawaida kwa wengi, 0.9 ni habari mbaya. Jicho la mjomba la kushoto lilikuwa limebaki kikombe kitupu. Muulize daktari namba yako na uiandike, ni haki yako, na siku ukienda kwingine inasaidia kujua kama mambo yamesimama au yanateremka.

Hospitali kubwa wana na kipimo cha uwanja wa kuona, unakaa mbele ya bakuli jeupe unabonyeza kitufe kila ukiona kinuru kinawaka. Mjomba alikiita mchezo wa kompyuta, akalalamika kwamba wamemwibia taa za kushoto.

TIBA: MATONE, LEZA, KISU

Tuelewane jambo moja kabla sijaendelea. Hakuna tiba inayorudisha kilichopotea. Zote tatu zinafanya kazi ileile, kushusha presha ili kilichobaki kisiende. Ukimsikia mtu anauza dawa ya kurudisha nuru iliyoondoka kwa glakoma, iwe ya kizungu, ya kichina au ya asili, huyo anauza maji. Na tafadhali msimimine chochote cha majani jichoni, nimeona mtu aliyekuwa na tatizo moja akapata na la pili, kioo cha mbele kikaungua.

Matone ndiyo yanayojulikana zaidi. Timololi inapunguza utengenezaji wa yale maji, ni ya bei nafuu na hutiwa mara mbili kwa siku. Lakini mwenye pumu, au mwenye mapigo ya moyo ya polepole, aseme mapema! Tone la jichoni linaingia kwenye damu kupitia puani, na timololi inaweza kumbana mtu wa pumu kifua vibaya sana. Latanoprosti inasaidia maji kutoka, tone moja usiku, ni ghali zaidi, inaweza kuyafanya macho yawe mekundu kidogo na kope ziwe ndefu. Nyingi za latanoprosti kabla hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kwenye friji, na ikifunguliwa inatumika kama wiki sita tu, mahali pasipozidi nyuzi joto 25. Kwa joto la Mtwara hilo ni swali la kumuuliza mfamasia kabla hujalipa, maana kama kichupa kimekaa dirishani juani umenunua nini hapo?

Kutia nako kuna namna. Nawa mikono, angalia juu, vuta kope ya chini iwe kama kimfuko, tone moja tu, funga jicho bila kupepesa, kisha bonyeza kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kama dakika mbili. Hiyo inazuia dawa kukimbilia puani na kooni. Kama una dawa mbili, acha dakika tano katikati. Mjomba alikuwa anatia matone matatu "ili yakolee", kichupa cha mwezi kinaisha siku kumi.

Na hapo ndipo matone yanapotushinda watu wa hali zetu. Ni kila siku, maisha yote, kwa ugonjwa usiouma na dawa ambayo huoni faida yake kwa macho. Korosho zikiuzwa hela ipo, kichupa kinanunuliwa. Ukifika mwezi wa tano hela hakuna, kaskazi limekwisha, kusi linavuma, boti hazitoki kwa wingi, na kichupa kinasubiri. Presha yenyewe haisubiri.

Kwa sababu hiyo nilifurahi sana kusoma utafiti wa KCMC, ile hospitali ya rufaa ya Moshi. Waliwachukua wagonjwa 201 wa glakoma yenye presha ya juu, macho 382, wakawagawa kwa kura: nusu timololi, nusu leza inayoitwa SLT. Leza hii inapigwa kwenye kile kichujio cha konani, ni dakika chache, huchanwi, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Majibu yalitoka mwaka 2021 kwenye jarida la Lancet Global Health. Baada ya mwaka mmoja, presha ilikuwa imedhibitiwa inavyotakiwa kwenye asilimia 31 ya macho ya watu wa matone, na asilimia 61 ya macho ya watu wa leza. Mara mbili! Uingereza nako, katika utafiti uliotolewa 2019, karibu wagonjwa watatu kati ya wanne walioanza na leza hii walikuwa wanadhibitiwa bila matone baada ya miaka mitatu.

Isije ikawa mtu anadhani leza ni muujiza. Hao asilimia 39 wa Moshi hawakufanikiwa, na hata aliyefanikiwa nguvu ya leza hupungua kadiri miaka inavyokwenda, inabidi arudi kupimwa na pengine irudiwe. Mashine nayo haiko kila hospitali. Ila kwa mtu wa Msimbati au Kilambo, kule mdomoni mwa Ruvuma, safari moja ya leza na kadi ya kurudi kupimwa ni kitu anachoweza kukipanga. Kichupa kila mwezi mpaka kufa, sijui.

Kisu kinaitwa trabekulektomi, upasuaji ulioelezwa na daktari Mwingereza Cairns mwaka 1968 na mpaka leo unafanyika. Daktari anafungua njia mpya ya maji kutokea, inabaki kama lengelenge dogo chini ya kope ya juu ambalo hata mkeo halioni. Kwa mtu ambaye ugonjwa umekwenda mbali au matone hayawezi, mara nyingi ndiyo njia ya maana. Tatizo lake kubwa la huku kwetu ni maneno. Mtu anapasuliwa, anafunguliwa bandeji, anaona vilevile kama jana au hata ukungu zaidi kwa wiki kadhaa. Akirudi kijijini anasema "wameniharibu", na wenzake watano hawaendi tena. Wanamlinganisha na yule wa mtoto wa jicho aliyetoka anahesabu vidole. Mwambieni mzee kabla hajaingia: hii operesheni ni ya kulinda, siyo ya kuongeza. Na akishapasuliwa, siku yoyote hata miaka baadaye jicho likiwa jekundu na kutoa tongotongo, arudi upesi, maana ile njia ikiingiwa na wadudu jicho linaweza kwenda kwa siku mbili.

MASWALI YENU

Nikiongea habari hizi kijiweni naulizwa sana: kompyuta na simu zinaleta glakoma? Hapana. Kukaa kwenye kioo masaa kunachosha macho na kuyakausha kwa sababu unasahau kupepesa, lakini hakuletei ugonjwa huu.

Bangi je? Nilijua mtauliza. Ni kweli inashusha presha ya jicho, lakini kwa masaa matatu au manne tu. Ili ishuke mchana na usiku ungelazimika kuvuta kutwa kucha, na inashusha pia presha ya damu inayolisha ileile neva. Madaktari wa macho hawaipendekezi.

Na mtoto wa jicho mwenyewe, asubiriwe? Siku hizi hata yeye hasubiriwi "kukomaa", anapasuliwa akianza kukuzuia kazi zako. Kwa hiyo lile neno la kusubiri halina mahali tena, kwa ugonjwa wowote. Ukiona ukungu, nenda ujue ni upi. Wengine wanayo yote mawili kwenye jicho moja.

Kwa wa huku Mtwara, kuna hospitali ya mkoa ya Ligula, na ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, siyo mbali na Mikindani yenyewe. Ulizia siku za kliniki ya macho kabla hujapanda daladala, na uliza hivi: "presha ya macho na neva mnapima?" Ikitakiwa leza au upasuaji ambao haupo karibu, ndipo zinakuja habari za Dar, CCBRT au Muhimbili, zaidi ya kilomita 500 kwa basi, au KCMC huko Moshi. Nenda na vichupa vyote unavyotumia, hata vitupu, na dawa za presha ya damu au pumu kama unazo, na kadi za zamani. Wenye bima waulize kabla kama matone yamo.

Mama yangu ni dada yake mjomba, tumbo moja. Nilimpeleka mwezi uleule. Alikataa mara mbili, anatunga sindano vizuri, ya nini kumsumbua. Presha ya kulia 28, ya kushoto 26, na kikombe cha kulia kimeanza kutanuka. Leo yuko kwenye matone, kichupa kinakaa kwenye friji ya muuza soda jirani yetu, na kila jioni baada ya swala ya isha mjukuu wake ndiye anayembonyeza pale kwenye kona ya pua na kuhesabu mpaka mia na ishirini.

Mjomba haendi tena baharini usiku. Anashona nyavu za wenzake, katikati ya jicho la kulia bado pazuri. Watoto wake wako wanne. Wawili wamepimwa, hawana kitu, wamepewa tarehe ya kurudi. Mmoja yuko Dar, anasema ataenda. Wa mwisho anaendesha bodaboda hapa hapa kati ya Mikindani na mjini. Nilimwambia tena juzi. Kanijibu, "Kaka, mimi naona mpaka kule kwenye minazi."